Bonanza la Jumamosi Si Ubunifu

Kinachonikera si wazo la kuwakutanisha wafanyakazi, bali desturi ya ofisi nyingi za Dar es Salaam ya kuandaa bonanza la ufukweni, kuliita ubunifu, kisha kulipanga Jumamosi. Anayekaa Kimara hulazimika kudamka alfajiri, kuunganisha usafiri hadi Kivukoni na kusubiri pantoni ya Kigamboni, ili tu akavute kamba na kukimbia na magunia, huku mwenzetu mjamzito wa masjala akiachwa kivulini kushika simu za watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Kwa nini mshikamano wetu udaiwe nje ya saa hizo?

Mkitaka ubunifu wa kweli, wapeni mhasibu, dereva na mtunza stoo asubuhi moja ya Jumatano, wachore pamoja kwenye karatasi kubwa safari ya hati ya malipo kutoka meza hadi meza, na waruhusiwe kusema inakwama kwa nani, hata kama ni kwa bosi mwenyewe. Jumamosi tuachieni familia zetu.