Pumu ya utotoni haikuondoka, ilinyamaza tu

Mara ya mwisho kumbeba mdogo wangu mgongoni usiku kwenda zahanati alikuwa na miaka tisa. Ilikuwa Juni, hapa Mafinga, baridi imekaza, na kifua chake kinapiga filimbi kila anapovuta pumzi. Alipofika darasa la saba filimbi ikanyamaza. Mama akamshukuru Mungu, dawa ya kuvuta ikasahaulika kabatini, na neno pumu likatoka midomoni mwetu.

Kwa hiyo alipomaliza kidato cha nne na matokeo yakawa mabaya, kikao cha familia hakikuchukua muda. Baba mdogo ana karakana ya samani. Mji wetu unakula kwa mbao, msitu wa Sao Hill una zaidi ya hekta 135,000 na malori hayaishi barabarani, sasa kijana aende wapi tena? Tuliuliza kama ana bidii. Tuliuliza ataanza kulipwa lini. Habari ya kifua hakuna aliyeigusa, na mimi nilikuwepo.

Pumu ya mtoto mara nyingi hutulia anapobalehe, nasi tunasema amepona. Wapo wanaopona kweli. Lakini kwa wengine imelala, na njia zao za hewa zinabaki nyepesi kuchokozeka, hasa wale wanaoandamwa na mafua ya mzio na macho kuwasha. Ukimweka kijana wa namna hiyo mbele ya randa na msasa kutwa nzima, unamwamsha aliyelala.

Kwake ilichukua kama mwaka na nusu. Jumatatu mzima, Alhamisi anakohoa, usiku hapati usingizi. Jumapili jioni anacheka na watu. Alipokwenda likizo ya Krismasi kwa shangazi Tukuyu alirudi kifua kikiwa cheupe, na wiki ya pili kazini kikabana tena. Tulisema ni baridi. Jirani alisema kuna mtu anamwonea wivu. Aliyetufumbua macho ni daktari mmoja aliyeuliza maswali mawili tu: unafanya kazi gani, na siku za mapumziko unajisikiaje? Nafuu ya siku za mapumziko ni dalili kubwa kwamba kinachomuumiza mtu kiko kazini, na sisi tulikuwa tunaitazama kila Jumapili mezani.

Maranda yanayoanguka chini si tatizo kubwa. Tatizo ni vumbi laini linaloelea, lile unaloliona kwenye mwanga wa dirishani. Kitambaa cha kujifunga puani hakilizuii, na kulipuliza kwa kompresa ili kusafisha meza ni kulirudisha hewani kwa watu walivute upya.

Wala si mbao peke yake. Unga wa ngano huwapa waokaji pumu. Unga wa blichi ya nywele huwapa wasusi. Rangi za kupuliza magari, zile za kuchanganya na kikaushio, ni miongoni mwa visababishi vibaya zaidi. Tulipomtoa karakana, wazo letu la kwanza lilikuwa ufundi simu, kazi safi ya kukaa mezani. Kumbe moshi wa risasi ya kuchomelea nao huchokoza, kwa sababu ndani yake mara nyingi mna utomvu wa misindano, miti inayopasuliwa mbao hapa kwetu. Yaani misindano ileile tuliyokuwa tunaikimbia!

Ujerumani, watafiti waliwachukua watoto wa Munich na Dresden waliokwisha kuchunguzwa pumu na mzio katikati ya miaka ya 1990, wakawafuata hadi umri wa kuchagua kazi, waone kama maradhi hayo yanaongoza uchaguzi wao. Kwetu swali hilo halijafika hata kwenye kikao cha familia.

Sisemi mwenye pumu akae nyumbani. Wengi hufanya kazi nzito maisha yao yote, mradi wanatumia dawa ya kuvuta ya kuzuia kila siku, siyo ile ya kufungua kifua tu wakati kimeshabana. Ila dawa si ruhusa ya kubaki vumbini. Mtu akishapata mzio wa kitu cha kazini, kadiri anavyochelewa kutoka ndivyo pumu inavyoweza kumganda hata baada ya kuondoka. Mdogo wangu alichelewa mwaka na nusu, na sasa, akiwa mpokea mizigo stendi, bado anatembea na dawa mfukoni.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri apimishe afya za wafanyakazi wake. Katika karakana za ndugu na majirani sijaona kijana aliyepimwa kabla ya kushika msumeno. Nimemwambia baba mdogo hivyo, kwa heshima zote. Amehamishia msasa nje, chini ya mwembe, na sasa akija kijana mpya anamuuliza mama yake kwanza: huyu utotoni alikuwa anabanwa kifua?