Kibaka kwa Kiingereza anaitwaje?

Jioni ya kwanza darasani mhadhiri alituomba kila mmoja aseme kilichomleta kwenye kriminolojia, taaluma ya uhalifu. Afande mmoja wa upelelezi hakuzunguka: anataka cheo. Dada wa Magereza akasema amechoka kuwapokea getini watu walewale aliowaaga miezi mitatu nyuma. Wakili mmoja alizungumza dakika nane na sikumbuki hata neno. Mimi, afisa ustawi wa jamii kutoka Temeke, nikasema nataka kuelewa kwa nini watu wanavunja sheria. Jibu la usaili hilo. Lilipita.

Miaka miwili baadaye, tasnifu ikiwa imepigwa jalada gumu na kukabidhiwa, ninalo jibu jingine, nalo lina ugomvi kidogo. Uhalifu wa Dar es Salaam unatendwa kwa Kiswahili, unapigiwa kelele kwa Kiswahili, na mara nyingi unaadhibiwa kwa Kiswahili kabla polisi hawajafika. Sisi wa shahada ya uzamili tunakwenda kuuchunguza, tunarudi, tunauandika kwa Kiingereza. Kile tulichokwenda kukitafuta kinadondoka njiani.

Mchukue kibaka.

Kila mtu hapa mjini anamjua. Ndiye anayepitisha mkono dirishani kwenye foleni ya Tazara akaondoka na simu yako ukiwa katikati ya maongezi. Ndiye anayeanua nguo asizofua. Jambazi ni mtu mwingine kabisa: ana bunduki, ana pikipiki inayomsubiri, na akiuawa gazeti linampa ukurasa wa mbele. Tapeli tunamsimulia huku tunacheka, tukimhesabia akili. Hata yule wa meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" tumemgeuza kichekesho cha vikao, utadhani hakuna bibi aliyelizwa. Fisadi huvaa suti na kualikwa kuwa mgeni rasmi. Teja anachukiwa na kuhurumiwa kwa pamoja, kutegemea amesimama wapi: tangu Muhimbili ianze kutoa methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, mwaka 2011, mtu huyohuyo anaweza kuwa mgonjwa kwenye dirisha la dawa saa mbili asubuhi, teja akivuka barabara, na mtuhumiwa kabla ya adhuhuri.

Kila jina hapo linatembea na hukumu yake mfukoni. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina wizi, ina unyang'anyi, ina unyang'anyi wa kutumia silaha ambao kifungo chake hakipungui miaka 30. Kibaka hayumo. Lakini anayevishwa tairi ni yeye.

Katika rasimu ya kwanza nilimfasiri kwa neno la vitabuni, lile linalomaanisha mhalifu wa makosa madogo. Msimamizi wangu, mtu mwema na msomaji makini, hakuona tatizo. Mimi niliona usiku mmoja nikirudia kusikiliza mahojiano kwenye simu. Nilikuwa nimemuuliza mama muuza samaki wa Mbagala kwa nini mtaani kwao kijana mmoja alipigwa hadi kufa na mwingine, aliyeiba kikubwa zaidi, alipelekwa kituoni. Akanijibu kama anayemweleza mtoto: "Mwizi unampeleka polisi, mwanangu. Kibaka utampeleka wapi?"

Nilikaa na sentensi hiyo wiki nzima. Kwa mama yule, mwizi ana kwao. Ana nyumba unayoweza kwenda kuidai, ana mjomba wa kuja kuomba msamaha, ana mali ya kurudisha. Kibaka simu ameshaiuza kabla hujageuka, na kwa hesabu ya mtaa hana mtu, kesho atakuwa palepale. Kwa hiyo tofauti ya mwizi na kibaka haiko kwenye thamani ya kilichoibwa. Iko kwenye nani atamlilia. Hayo ndiyo yalikuwa matokeo ya utafiti wangu, yote, kwenye sentensi moja ya mtu anayepaa samaki huku akiongea. Kwenye Kiingereza changu wote wawili walikuwa wanaitwa jina moja.

Kuna kirai kingine ambacho kingestahili tasnifu peke yake: "wananchi wenye hasira kali." Mtu anayedhaniwa kuwa kibaka ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Tumeisoma habari hiyo mara ngapi? Isome taratibu. Aliyekufa anadhaniwa. Waliomuua hawadhaniwi; hao ni wananchi, neno la hotuba na la Katiba, na wana sababu, tena kali. Utetezi umeshatolewa kabla mshtakiwa hajatafutwa. Kisheria hayo ni mauaji, na aliyerusha jiwe ana kesi ya kujibu sawa na aliyeleta petroli. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyaorodhesha mauaji haya kwenye ripoti zake mwaka baada ya mwaka, na kirai kiko palepale, kimekaa kama salamu.

Darasani tulikuwa na mtu wa kutusaidia kwenye hili. Howard Becker, Mmarekani, aliandika mwaka 1963 kwamba ukosaji hauko ndani ya kitendo chenyewe; uko kwenye jina ambalo wengine wanafanikiwa kumbandika mtendaji. Tulimsoma kwa wiki moja, tukajadili wavuta bangi wa huko kwao, tukaandika insha. Hakuna aliyesema, hata mimi, kwamba jiji tulilokaa limemthibitisha Becker mara kadhaa. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika wasiotakiwa, maana yake hasa ni vijana wasio na ajira ya kueleweka, na wahuni likawa jina lao. Mwaka 1983, tukiwa huru na tuna Azimio letu, ikaja Sheria ya Nguvukazi, na wasio na kazi wakakamatwa tena hapahapa Dar wakapelekwa mashambani. Mwaka huohuo Waziri Mkuu Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi, na mwenye duka aliyeficha sabuni na sukari akawa adui wa taifa. Miaka michache baadaye biashara ikafunguliwa, na anayenunua kwa bei ya chini akasubiri bei ipande anaitwa mfanyabiashara makini. Kosa la uzururaji tumelirithi kwenye Kanuni ya Adhabu, na sijawahi kusikia mtu wa Masaki, kwa matajiri, amekamatwa kwa kuzurura, ingawa pale wanatembea jioni bila shughuli yoyote, wengine na mbwa.

Wala siwabezi wazungu wa vitabuni. Cohen na Felson walisema mwaka 1979 kwamba tukio la wizi linahitaji vitu vitatu vikutane: mwenye nia, kitu kinachochukulika, na kukosekana kwa mlinzi. Hiyo ni foleni ya Tazara saa kumi na mbili jioni, huhitaji kubadilisha herufi. Beccaria naye, mwaka 1764, alisema kinachomzuia mtu ni uhakika wa kuadhibiwa, ukali unafuata nyuma. Sisi mwaka 1963 tulitunga sheria ya kiwango cha chini cha adhabu yenye viboko 24, 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere alikuja kusimulia jukwaani kwamba vile vya kutokea ni vya kwenda kumwonyesha mke, na watu wakacheka. Siku tuliyojadili hilo dada wa Magereza alituambia jambo ambalo Beccaria angelipokea kwa mikono miwili: katika wote aliowahi kuwafungulia mlango, hajakutana na aliyesema alikuwa anajua atakamatwa.

Wengine hawakutufaa sana. Shaw na McKay waliona uhalifu wa vijana wa Chicago umejazana karibu na katikati ya mji, ukipungua kadiri unavyotoka nje. Tulijaribu kuzichora duara zile juu ya ramani ya Dar na zikagoma, maana hapa wenye nacho wamekaa kandokando ya bahari upande wa kaskazini na wasio nacho wamesukumwa hadi Gongo la Mboto. Na Lombroso, aliyepima mafuvu na kutangaza mwaka 1876 kwamba kuna wahalifu wa kuzaliwa, darasani tulimcheka kwa kejeli ya wasomi. Nikiwa kwenye daladala kurudi nyumbani nikamsikia konda akimwambia kijana: "Wewe sura yako tu ya kibaka." Abiria wote wakaangalia mifuko yao. Na mimi nikaangalia wangu.

Halafu kuna hesabu, ambazo kwa afande wa upelelezi zilikuwa ndizo kriminolojia yenyewe. Alileta majedwali: matukio yamepungua kwa kiasi hiki, robo hii ya mwaka na ile. Nikamweleza habari ya simu yangu. Ilichukuliwa pale Rangi Tatu, Mbagala, mchana, mkononi. Nilikwenda kituoni kwa sababu moja tu, nirudishiwe laini, na kwa hilo nilihitaji taarifa ya upotevu. Nikaandika kwamba simu imepotea. Hakuna aliyenishauri, nilijua mwenyewe kwamba ikiwa imeibwa nitafungua kesi, nitapewa RB, ile namba ya kumbukumbu ya kituo, nitaulizwa kama namfahamu aliyeiba na nitarudi kesho na keshokutwa. Imepotea, nikaondoka baada ya dakika ishirini. "Sasa afande," nikamwambia, "kwenye jedwali lako mimi niko wapi?" Alifikiri kidogo, akasema kwa unyoofu ambao nimeendelea kumheshimu nao: "Dada, sisi tunahesabu waliofika kaunta na kusema." Ona hilo neno, kupotea. Wizi wa jiji zima umejificha ndani ya kitenzi kimoja kisichomtaja aliyechukua, na mtafiti asiyekijua atahitimisha kwamba watu wa Dar ni wasahaulifu.

Vibali vya utafiti nisivizungumzie sana: barua ya chuo, mkoa, wilaya, kata, mpaka mwenyekiti wa mtaa aliyesafiri na muhuri wake kwenda msibani Kilwa.

Nikiyasema haya najibiwa mawili. La kwanza, Kiswahili hakina istilahi. Hili linanichekesha, kwa kuwa tatizo langu lilikuwa kwamba Kiswahili kinazo sita ambapo vitabu vilinipa moja. La pili lina uzito zaidi: ukiandika kwa Kiswahili nani atakusoma nje? Mtahini wa nje ni mgeni, majarida ni ya kigeni, na aliyesoma uzamili anataka siku moja kwenda uzamivu mahali penye ufadhili. Ni kweli, na mimi mwenyewe niliogopa hilo, ndiyo maana niliandika nilivyoandika. Lakini tuliosoma darasa lile tunafanya kazi Keko, Segerea, Chang'ombe na ofisi za kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipokabidhi ripoti yake mwaka 2023, ilizungumza na nchi kwa Kiswahili. Wenzetu wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, wanaandika tasnifu nzima kwa Kiswahili na anga haijaanguka. Hakimu anaweza kuhukumu kwa lugha hii, lakini mimi siruhusiwi kueleza kwa lugha hiihii kwa nini mtu alimfikia hakimu. Au kwa nini hakumfikia.

Kuhusu ajira, kwa kuwa huulizwa kila harusi: nipo kazini kwangu palepale, dawati lilelile. Afande amepata cheo.

Nilijiahidi kwamba tasnifu ikitoka nitawapelekea walionipa maneno yao. Mama wa samaki aliipangusa jalada kwa khanga akasema ni nzito, hongera. Kijana mmoja nilimkuta kijiweni kwake, siku hizi anaendesha bodaboda. Huyu aliwahi kukamatwa na umati akiwa na miaka 16, akaokolewa na mwenyekiti wa mtaa aliyemlalia juu na kukubali kupigwa yeye. Alikifungua kitabu katikati, akakigeuza, akaniuliza yuko wapi humo. Nikamwonyesha ukurasa: mshiriki namba 14. Kidole chake kikasogea kwenye neno linalofuata.

"Na hili?"

Nikamwambia hilo ndilo jina la kosa alilokuwa anashutumiwa nalo, kwa Kiingereza.

"Ni kibaka au ni mwizi?"

"Ni yote mawili," nikasema.

"Haiwezekani, dada." Alikifunga, akanirudishia kwa mikono miwili, akavaa helmeti. Kulikuwa na abiria wa Kijichi.