Tamthilia Yetu Hufa Jumapili

Watu wa nyumbani wakisikia kwamba naishi Jersey City, ng'ambo ya mto tu kutoka Manhattan, huniuliza kuhusu Broadway, kumbi kubwa za tamthilia za New York: taa, mastaa, bei ya tiketi. Huwajibu kwa furaha. Lakini kinachonikosesha usingizi mimi hakihusu taa. Kinahusu muda.

New York, tamthilia ikifunguliwa na watu wakaipenda, huachwa iendelee. Huchezwa mara 8 kwa wiki, siku nyingine mchana na usiku, wiki baada ya wiki. The Phantom of the Opera ilifunguliwa Januari 26, 1988, ikafungwa Aprili 16, 2023, baada ya maonyesho 13,981. Mtoto aliyezaliwa usiku ule wa kwanza alikuwa mtu mzima wa miaka 35 pazia lilipoanguka kwa mara ya mwisho. Nairobi, tamthilia nzuri kabisa, iliyofanyiwa mazoezi ya miezi miwili, huanza Ijumaa. Jumapili jioni watu hupiga makofi, waigizaji hukumbatiana, maleba na viti vya jukwaani hupakiwa kwenye pikapu, na imekwisha. Aliyesikia sifa zake Jumatatu kazini hana pa kuiona tena. Naamini jambo hili linatudumaza kuliko kitu kingine chochote katika sanaa yetu ya jukwaani.

Vipaji hatujakosa. Tamasha za drama za shule na vyuo vya Kenya zilianza mwaka 1959, na aliyewahi kupanda basi la shule kutoka kaunti hadi ngazi ya kitaifa anajua ninachosema. Nimeona huku waigizaji wanaolipwa vizuri wasiofikia kile ambacho wasichana wa kidato cha tatu walikifanya mbele ya macho yangu kwa kanga mbili na meza moja. Halafu wale wasichana hufanya mtihani, humaliza shule, na nchi huachana nao hapo.

Kuna kundi moja tu nyumbani linalojua maana ya kucheza tamthilia moja kwa muda mrefu, nalo hatuliheshimu hata kidogo. Ni wale vijana wa vitabu teule, wanaozunguka shuleni wakiigiza tamthilia zinazotahiniwa. Hukodi matatu, hubeba maleba kwenye mabegi, asubuhi wako Thika, alasiri wako Murang'a, wakiigiza Kigogo au Bembea ya Maisha katika bwalo la chakula, mbele ya wanafunzi wanaojua kila mstari na wanaoutamka kwa sauti kabla mwigizaji hajaufikia. Kurudia maneno yaleyale siku nenda siku rudi na bado kuyasema kana kwamba umeyawaza sasa hivi ni ustadi mgumu, na Broadway ustadi huo hulipwa mshahara wa kila wiki na hutetewa na chama cha waigizaji, Actors' Equity, kilichoundwa mwaka 1913. Mwaka 1919 chama hicho kiligoma mwezi mzima, kumbi zikafungwa, na wenye kumbi wakasalimu amri. Vijana wetu wa vitabu teule hulipwa ikiwa mwalimu mkuu amepata pesa.

Kabla sijaendelea, nieleze Broadway yenyewe, maana wengi hudhani ni barabara moja yenye kumbi pande zote mbili. Barabara ipo, lakini kumbi nyingi zimo kwenye mitaa inayoikata karibu na Times Square, na mmoja, Vivian Beaumont, uko mbali kabisa, Mtaa wa 65. Zote ni 41. Kinachoufanya ukumbi uitwe wa Broadway ni kuwa na viti 500 au zaidi katika sehemu hiyo ya Manhattan. Ukiwa na viti 499, wewe ni wa daraja jingine, hata kama mnatumia mlango mmoja.

Sasa nirudi Nairobi, Oktoba 1976, katika Ukumbi wa Taifa wa Kenya, ule unaotazamana na hoteli ya Norfolk. Kenya ilikuwa na tamthilia mbili za kupeleka Lagos kwenye FESTAC 77, tamasha la sanaa za Waafrika: The Trial of Dedan Kimathi, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Ukumbi ulikuwa umeshachukuliwa. Kulikuwa na kikundi cha densi kutoka Ufaransa, na kulikuwa na A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, kichekesho cha nyimbo kilichofunguliwa Broadway mwaka 1962. Tamthilia zetu mbili zikapewa siku nne nne, zikabanwa katikati ya wageni hao.

Kichekesho kile kilikuwa kimeshachezwa mara 964 Broadway. Kilikuwa kimeshakula, kimeshashiba. Kimathi, mpigania uhuru aliyenyongwa katika gereza la Kamiti mwaka 1957, akapata siku nne katika ukumbi wa taifa wa nchi aliyoifia, yaani nusu tu ya maonyesho ambayo Broadway huyapanga kwa wiki moja. Na watu walikuja! Usiku wa kwanza hadhira ilijiunga na waigizaji, wakatoka nje wote wakiimba hadi barabarani. Tamthilia inayowatoa watu barabarani wakiimba ingepewa miaka hapa New York. Sisi tulihesabu siku nne, tukafungua mlango kwa wengine.

Mwaka uliofuata, kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Wakulima na wafanyakazi wa pale walijenga jukwaa lao la wazi, wakafanya mazoezi mbele ya watu, na wazee waliokuwa wakitazama waliwasahihisha waigizaji: hapana, mtoto hamsalimii mzee hivyo, wimbo huu hauanzi hapo. Broadway nayo ina kitu cha namna hiyo, ingawa kina sura ya biashara. Kabla ya usiku rasmi wa ufunguzi huwepo wiki kadhaa za maonyesho ya awali. Mwandishi hukaa nyuma ya ukumbi akisikiliza mahali watu wanapokohoa, usiku huandika upya, na kesho yake waigizaji huingia na maneno mapya. Kamĩrĩĩthũ walilifikia hilo bila kufundishwa na yeyote, tena kwa undani zaidi, kwa sababu aliyesahihisha ndiye aliyekuwa ameyaishi hayo maisha. Tamthilia yao ya Kigĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda, ambayo Ngũgĩ alishiriki kuiandika, ilifunguliwa Oktoba 2, 1977. Novemba 16 leseni ikafutwa. Kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ alikuwa kizuizini.

Kisha ikaja Machi 1982, mwezi ambao huniuma kila ninapoufikiria. Machi 12, askari walifika Kamĩrĩĩthũ kwa malori wakalibomoa lile jukwaa la wazi. Siku kumi baadaye, Machi 22, hapa New York, matingatinga yalibomoa kumbi za Morosco na Helen Hayes ili ijengwe hoteli kubwa Times Square. Morosco ndipo Death of a Salesman ya Arthur Miller ilipofunguliwa mwaka 1949. Waigizaji na waandishi walikuwa wamesimama pale wakiimba na kupiga kelele, na wengi, akiwemo mtayarishaji Joseph Papp, walikamatwa na polisi. Kumbi zilianguka hivyo hivyo.

Tazama yaliyofuata. New York walikasirika, na hasira yao ikazaa sheria: katika miaka ya 1980 kumbi nyingi za Broadway zilitangazwa kuwa urithi wa mji, zisibomolewe. Ndiyo maana leo naweza kukaa katika ukumbi wa Hudson, uliofunguliwa mwaka 1903, nikatazama dari lilelile. Sisi hasira tulikuwa nayo, lakini aliyebomoa ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kutunga sheria, na hasira yetu ilihamia ng'ambo. Mĩcere Mũgo alifundisha miaka mingi Syracuse, katika jimbo hilihili la New York, na huko ndiko alikofariki mwaka 2023. Mji ambao ungefaidi kumwona akielekeza tamthilia kila msimu ni Nairobi.

Yule Papp namwonea wivu kwa niaba ya nchi yangu. Alianzisha Public Theater, ukumbi usio wa biashara, na tangu mwaka 1962 watu wametazama Shakespeare bure katika ukumbi wa wazi wa Delacorte, bustani ya Central Park. Pesa zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwenye tamthilia moja iliyoachwa iishi. A Chorus Line ilianzia kwake mwaka 1975, ikahamia Broadway, ikachezwa mara 6,137 hadi mwaka 1990, na faida yake ikawalisha wachanga kwa miaka. Hapo ndipo natofautiana na wenzangu wanaosema kucheza muda mrefu ni tamaa ya wafanyabiashara. Tamthilia ya siku tatu haiwezi kulea nyingine. Ya miaka 15 inaweza.

Na Public Theater hiyohiyo ndiyo iliyoionyesha Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira, kabla haijahamia Broadway mwaka 2016 ikiwa na Lupita Nyong'o. Waigizaji wote walikuwa wanawake weusi, mwandishi mwanamke mweusi, mwelekezi Liesl Tommy mwanamke mweusi; Broadway haikuwa imewahi kuona jambo hilo. Wakenya wa huku tulijivuna, na tulikuwa na haki ya kujivuna. Lakini Lupita hakuanzia New York. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet Nairobi, pamoja na kikundi cha Phoenix Players, katika kiukumbi kidogo katikati ya mji. Phoenix imefungwa. Msichana wa miaka 14 aliye Buruburu leo, mwenye moto uleule, mlango ule hatauona. Kumbi za sinema ambazo zingeweza kugeuzwa kuwa za tamthilia, nyingi zimekuwa makanisa. Sina neno na makanisa. Nasema tu kwamba kila kanisa lililopata paa mjini lilikuta ukumbi usio na mtetezi.

Sitaki mtu adhani huku ni peponi. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao, na tiketi ya kiti kizuri Broadway inaweza kumeza mshahara wangu wa siku nzima na kuvuka. Mwaka 2016 tamthilia ya Hamilton ilipandisha viti vyake bora hadi dola 849. Palepale ilikuwa na bahati nasibu ya tiketi za dola 10, na tangu mwaka 1973 kuna kibanda pale Duffy Square kinachouza tiketi za siku hiyohiyo kwa bei iliyopunguzwa, na hapo ndipo mimi hupanga foleni. Hata hivyo ukiangalia nyuso zilizokaa ndani, hazifanani na nyuso zilizo kwenye treni iliyonileta.

Ukatili nao wanao. Tamthilia ya Moose Murders ilifunguliwa Februari 22, 1983 na kufungwa usiku uleule. Wala polisi kuvamia jukwaa si jambo la Limuru peke yake: mwaka 1821 William Alexander Brown alianzisha New York kikundi cha waigizaji weusi, African Grove, na walipothubutu kucheza Shakespeare karibu na ukumbi wa wazungu, polisi waliwakamata. Ira Aldridge, kijana mweusi wa New York wa enzi hizo, aliondoka kwenda Uingereza na huko akawa mwigizaji mashuhuri wa Ulaya. Kwa hiyo nilipoona Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere wakirushiwa vitoa machozi Nakuru kwa sababu ya tamthilia, nilijua ni ugonjwa wa zamani na si wa kwetu tu. Tofauti ni kwamba leo Broadway kuna kumbi zenye majina ya wasanii weusi: mmoja la August Wilson, mwingine la James Earl Jones, mwingine la Lena Horne. Natamani siku moja niingie ukumbi wa Nairobi wenye jina la Francis Imbuga.

Kitu kimoja cha nyumbani sitakibadilisha na chochote cha hapa, nacho ni hadhira yetu. Hapa watu hukaa gizani kimya, na ukicheka kabla ya wakati jirani hugeuka kukutazama. Kwetu mama aliye safu ya tatu humwambia mhusika, usimwamini huyo! na ukumbi mzima humuunga mkono. Hadhira hiyo ndiyo iliyowasahihisha waigizaji wa Kamĩrĩĩthũ. Inastahili kuitwa tena na tena.

Sisi wa ughaibuni huchangishana kwa mazishi, harusi na karo, na tuna makundi ya WhatsApp yanayokusanya pesa kabla jua halijatua. Napendekeza tuchangie hili: tamthilia moja ya Kiswahili, ukumbi mmoja Nairobi, wiki 12, Jumatano hadi Jumapili. Waigizaji wachukuliwe kutoka kwa wale vijana wa vitabu teule, walipwe kila Ijumaa. Tiketi iwe ya bei ambayo muuza mitumba wa Gikomba ataimudu na mwanawe. Kodi ya ukumbi ilipwe yote mapema, ili mwezi wa kwanza ukiwa mbaya asiwepo wa kufunga mlango. Wiki mbili za kwanza watakuja marafiki na jamaa, hilo linajulikana. Mimi wiki ninayoitaka ni ya tano, kwa sababu atakayekuja wiki ya tano ni mtu asiyemjua mwigizaji yeyote, aliyeambiwa na mwenzake kwenye matatu kwamba bado inachezwa.