Kijia cha nusu mita: baiskeli ziondolewe jangwani?

Siku za joto, Jumamosi alfajiri, maegesho ya Pima Canyon kusini mwa jiji la Phoenix, Arizona, hujaa kabla jua halijachomoza. Huyu anashusha baiskeli, yule anakaza kamba za viatu. Wengi wao wanaelekea kijia kimoja, Desert Classic, kinachopita chini ya mlima wa South Mountain kwa kilomita kama 14, na sehemu nyingi upana wake ni kama nusu mita. Hawana budi kukutana humo.

Maneno ninayoyasikia zaidi kutoka kwa wenda kwa miguu ni mafupi: baiskeli zinaharibu jangwa, ziondolewe. Mimi naendesha baiskeli pale, na mke wangu hutembea pale pale kwa miguu, kwa hiyo pande zote mbili nazisikia nyumbani. Ndani ya neno hilo moja kuna malalamiko mawili yaliyochanganywa, la hofu na la uharibifu, na yanastahili majibu tofauti.

La hofu ni la kweli. Baiskeli inateremka kwa kasi, kona imefichwa na jabali, na upande wa pili yupo mtu na mwanawe. Kanuni ya njia inafahamika: mwenye baiskeli humpisha anayetembea, na wote wawili humpisha mwenye farasi. Wapo waendeshaji wanaoipuuza, na kwenye jangwa hili anayeruka pembeni haangukii nyasi. Anaangukia cholla, kaktasi ambayo vipande vyake hung'oka na kukuganda mwilini hivi kwamba wazoefu hubeba kitana mfukoni cha kuvibandulia. Aliyeumia hivyo mara moja ana haki ya kukasirika.

Ila hasira hiyo ina chanzo kingine kisichosemwa sana, nacho ni saa. Mwaka 2023 Phoenix ilipata siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi. Siku kama hizo hakuna mwenye akili timamu anayepanda mlima saa sita mchana. Watembea, wakimbiaji, wenye mbwa na wenye baiskeli wote wanabanwa kwenye zile saa mbili tatu za ubaridi. Kijia ambacho kingewatosha kwa siku nzima kinawalemea wakija kwa pamoja.

Sasa uharibifu. Utafiti unaotajwa mara nyingi ni ule wa Wilson na Seney wa mwaka 1994, uliofanywa Montana, jimbo la kaskazini mwa Marekani, na ulionyesha kwamba kwato za farasi na miguu ya watu ilifumua udongo kuliko magurudumu. Wenzangu wa baiskeli huupunga kama cheti. Mimi siutegemei kiasi hicho, kwa sababu Montana si Sonora, jangwa letu hili, na kwa sababu hapa swali la kuumiza kichwa haliko ndani ya kijia. Ndani ya kijia ardhi ilishakufa zamani, imeshindiliwa ikawa kama sakafu. Kilicho hai kiko hatua moja pembeni.

Chukua saguaro, ile kaktasi ndefu yenye mikono ambayo dunia nzima inaitambua. Miaka minane ya kwanza hukua sentimita tatu au nne tu, jumla yake. Mikono huanza kuchipua ikiwa na miaka 50 hadi 75, pengine hata zaidi. Na mche wake mara nyingi huanzia maisha chini ya kichaka au mti mwingine, mara nyingi palo verde, unaoukinga na jua la kiangazi na baridi ya usiku kama mlezi. Kwa hiyo anayekwepa jiwe kwa kuzunguka chini ya palo verde anaweza kukanyaga mche ulio mfupi kuliko kidole chake, wenye umri wa mtoto wa darasa la pili, na asijue kamwe.

Hapo ndipo ninapofanya hesabu yangu, na siachi kuirudia. Kilomita 14 kwa nusu mita ni mita za mraba 7,000, yaani karibu uwanja mmoja wa mpira wa miguu. Ndicho kipande cha jangwa tulichokitoa sadaka ili maelfu ya watu wapite. Kijia kikitanuka hadi mita mbili, viwanja vinakuwa vinne. Hakuna aliyeleta katapila, hakuna kikao kilichoamua, ila viwanja vitatu vya miche vimekwenda. Upana ndio uharibifu.

Tuulize basi nani anatanua. Wawili wanaotembea sambamba wakipiga soga wanatanua. Anayepisha kwa kujitoa hatua tatu nje, kwa adabu kabisa, anatanua. Mwenye baiskeli anayeshindwa kupanda ngazi ya mawe akaizunguka anatanua vilevile, na simtetei. Wapo pia waendeshaji wanaochonga njia za panya zao wenyewe, na hao wanaharibu kuliko wote niliowataja. Lakini mwendeshaji wa kawaida anakipenda kijia kwa sababu ni chembamba. Tairi lake lina upana wa sentimita sita hivi, na utamu wote wa mchezo ni kulipitisha kati ya jiwe na mwiba bila kutoka. Ukimtanulia njia umemnyima alichokifuata. Katika hili anataka kile kile ambacho mche wa saguaro unahitaji, na sioni sababu ya kumfukuza mlinzi wa namna hiyo.

Mlima wenyewe umeona makubwa. Waakimel O'odham, wenyeji wa asili wa eneo hili, ambao kwao ni mtakatifu, waliipinga barabara kuu ya Loop 202 hadi mahakamani wakashindwa, na mwaka 2019 ikafunguliwa, kilomita 35, ikiwa imekata matuta ya upande wa kusini magharibi. Hilo halimpi mwenye baiskeli ruhusa ya lolote. Linanisikitisha tu kwamba tunanyoosheana vidole kwa ajili ya alama za tairi huku pengo lile lipo wazi, na haliwezi kuzibwa tena.

Kuna dawa ya hofu ambayo haihitaji kumfukuza mtu. Centennial Cone, hifadhi yenye vijia iliyo karibu na Denver, Colorado, imegawa mwisho wa juma: tarehe shufwa ni za baiskeli, witiri ni za miguu. Upungufu wake naujua. Anayepumzika Jumapili pekee atakuta baadhi ya wiki siku yake si zamu yake, na ndivyo walivyo wengi wanaofanya kazi za mikono mjini hapa. Kuifunga Desert Classic yote kwa mtindo huo kungekuwa kuwaadhibu.

Ningeigusa sehemu moja tu: kilomita mbili za kwanza kutoka Pima Canyon, ambako msongamano ni mkubwa na wageni ni wengi. Humo zamu ziwekwe Jumamosi na Jumapili hadi saa tatu asubuhi, na baada ya mvua kijia kifungwe kwa wote, tairi na kiatu, mpaka udongo ukauke. Kilomita 12 zinazobaki ziachwe kwa wote kama zilivyo, kwa nusu mita ile ile, na anayepisha asimame pale pale ukingoni, mguu mmoja ndani.