Zima Sauti ya Video, Mwache Mwanafunzi Atazame

Video za mtandaoni zimeshaingia katika shule zetu nyingi za msingi, hasa za mijini, na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni namna zinavyotumika. Mwalimu anafungua video ya dakika 20, msimulizi anazungumza mfululizo, mara nyingi kwa Kiingereza cha haraka, watoto wanatulia kimya, na kengele inagongwa kabla hata mmoja wao hajaulizwa ameona nini. Utulivu ule tunauhesabu kuwa ni usikivu. Kwa maoni yangu, video nyingi zinazofaa kufundishia historia na jiografia zinafaa zaidi zikizimwa sauti, angalau mara ya kwanza zinapoonyeshwa.

Chukua mfano wa volkano. Mtoto wa darasa la tano, akiulizwa lava ina rangi gani, atajibu kwamba ni nyekundu kama makaa, kwa sababu ndivyo alivyoiona katika michoro na filamu. Sasa mwonyeshe dakika mbili tu za lava ya Ol Doinyo Lengai, mlima ulio kusini mwa Ziwa Natron, bila maelezo yoyote. Ataona kitu cheusi, chepesi, kinachotiririka mchana kweupe mithili ya tope. Darasa litagawanyika: wako watakaoapa kwamba ni matope, na wako watakaosema ni mafuta machafu. Mabishano hayo ndiyo somo lenyewe. Mwalimu akiwaambia baadaye kwamba lava ya mlima huo ina kabonati nyingi, kwamba joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 za Selsiasi wakati lava za kawaida huzidi 1,000, na kwamba ikipoa na kupata unyevu hugeuka kuwa nyeupe, maelezo hayo yatakuwa yanajibu swali ambalo watoto walikwishakuwa nalo. Msimulizi angekuwa amewapa jibu kabla ya kuwapa nafasi ya kushangaa.

Katika historia, jambo hili lina uzito mkubwa zaidi. Picha za Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964 zinajulikana na kila mtoto, na kwa sababu hiyohiyo hakuna anayezitazama tena. Picha zile zikitembea bila sauti, mwanafunzi anaweza kuulizwa ni akina nani wamesimama karibu, ni akina nani hawaonekani, kwa nini ulichaguliwa udongo na si kitu kingine, na nani alikuwa ameshika kamera. Swali hilo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana linamfundisha mtoto kwamba kila picha imepigwa na mtu aliyesimama mahali fulani akiwa na nia fulani.

Nchi yetu, kwa kweli, ina historia ndefu katika suala hili. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya, na hata kuweka akiba posta. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri katika lugha mbalimbali, na filamu zikasafirishwa kwa lori kutoka eneo hadi eneo. Ilikuwa kazi ya ustadi, lakini mtazamaji alikusudiwa kupokea mafunzo yaliyokwisha kuamuliwa na mtu mwingine. Nikiona darasa la leo limeketi kimya mbele ya projekta, huwa najiuliza tumesogea umbali gani kutoka Vugiri.

Wapo watakaosema kwamba mtoto asiyepewa maelezo ataelewa vibaya. Ni kweli, na ndiyo maana video irudiwe baadaye ikiwa na sauti, ama mwalimu aieleze mwenyewe kwa Kiswahili chake, baada ya wanafunzi kusema walichoona. Ugumu wa bando, umeme na matangazo yanayochomoza katikati ya somo unapungua mwalimu akipakua kipande kifupi mapema. Na darasa lenye wanafunzi wengi kuliko 45 waliowekwa katika uwiano rasmi linaweza kutazama kwa makundi, hata kwenye simu moja.

Yako mambo ambayo hayahitaji video kabisa. Kumwonyesha mtoto wa Mwanza video ya wavuvi, ilhali mwalo uko karibu na shule, ni uvivu uliovaa koti la teknolojia.

Taasisi ya Elimu Tanzania tayari inaweka vitabu vya kiada mtandaoni. Ningependa iongeze vipande vifupi vya video visivyo na msimulizi, vya dakika mbili au tatu, kuhusu magofu ya Kilwa Kisiwani, Bonde la Olduvai, mashamba ya mkonge na bandari zetu, kila kimoja kikiambatana na ukurasa mmoja wa maswali kwa ajili ya mwalimu, na viwe vyepesi kiasi cha kupakuliwa kwa bando dogo na kuhifadhiwa kwenye simu yake.