Chokaa au Saruji: Hesabu ya Mwekezaji katika Nyumba za Mji Mkongwe

Anayekodi nyumba kongwe Shangani, Malindi au Kiponda, mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa nia ya kuifanya nyumba ya wageni hukutana mapema na rai mbili zinazopingana. Mwashi wa zamani humshauri azirudishie kuta chokaa, na mkandarasi humshauri atumie saruji ili amalize kazi mapema. Rai zote mbili zina mashiko, lakini kuzipima kunataka kwanza nyumba yenyewe ijulikane imejengwa vipi.

Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliofanya vyumba vingi viwe vyembamba, takriban mita 3. Ukuta wa namna hii hauzuii maji, bali huyapokea na kuyatoa. Unyevu hupanda kutoka ardhini pamoja na chumvi, kisha hutokea kwenye lipu ya chokaa, yenye vinyweleo. Ukuta huo ukipigwa lipu ya saruji, njia ile huziba, unyevu ukazidi kupanda kutafuta pa kutokea, na chumvi ikaganda nyuma ya lipu, hata baada ya masika kadhaa lipu ikatuna na kuanguka pamoja na uso wa jiwe. Ninachokihofia zaidi ni kile kisichoonekana, yaani ncha za boriti zilizozikwa ndani ya ukuta uliolowa, ambazo huoza na kuliwa na mchwa hali chumba kinang'aa kwa rangi mpya.

Hata hivyo, wanaoitetea saruji wanastahili kusikilizwa. Saruji inapatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi, mafundi wengi wanaijua, na hushika haraka, ilhali chokaa hukomaa polepole kwa kufyonza kaboni dayoksaidi iliyomo hewani, kila tabaka likisubiri lililotangulia. Kwa mtu anayelipa pango huku nyumba haina mgeni hata mmoja, kila wiki ya kusubiri ni hasara. Isitoshe, Aprili na Mei, ambapo wageni hupungua na nafasi ya ukarabati hupatikana, ndiyo miezi ya masika, na lipu ya chokaa haipendi mvua. Tena chokaa ya kienyeji huchomwa kwa magogo, na miti ya visiwa vyetu si mingi. Hoja hii naiona nzito, ingawa saruji nayo huchomwa kwa joto kali zaidi, karibu nyuzi 1,450 za selsiasi, ilhali chokaa hutosheka na takriban 900.

Nikipima yote hayo, naona kwamba katika ukuta wa zamani saruji haina nafasi, na kwamba unafuu wake wa mwanzo hulipwa baadaye kwa kubandua na kupiga lipu upya. Jengo jipya la matofali na zege, nje ya mji kule Fumba au Paje, lina hukumu yake: huko ndiko mahali pa saruji, na la kuangaliwa ni kwamba mchanga wa pwani usiingizwe kwenye zege, kwa sababu chumvi yake huozesha nondo kwa kutu. Lakini lipu siyo peke yake inayoiumiza nyumba kongwe. Kila chumba cha mgeni siku hizi kinatakiwa kiwe na choo chake, na juu ya paa huwekwa matangi. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani nzima, na boriti zile hazikukusudiwa kuubeba. Ni salama zaidi vyoo vipangwe kimoja juu ya kingine upande mmoja wa nyumba, mabomba yapite nje ya ukuta ili yakivuja yaonekane, na tangi kubwa likae chini.

Jambo hili si la pambo. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kisultani la mwaka 1883 lililomo Mji Mkongwe, iliporomoka katikati ya kazi za ukarabati, na watu 2 wakapoteza maisha.

Kwa maoni yangu, mzozo wa chokaa na saruji kwa kiasi kikubwa ni mzozo wa mkataba. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za Serikali au za wakfu, kwa hiyo mwekezaji mara nyingi ni mpangaji. Aliyepewa miaka michache hana sababu ya kulipia lipu itakayomfaa atakayemfuata, na sioni haki kumlaumu peke yake. Mwenye nyumba anayetaka chokaa ampe mpangaji muda mrefu au ampunguzie kodi kwa kiasi cha kazi iliyokaguliwa. Na mpangaji naye asianze kubomoa kabla ya kupata kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwani mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Na mkataba uandike waziwazi ni nani atakayesafisha michirizi ya paa kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba, nani atakayekagua ncha za boriti kila mwaka, na gharama zitatoka katika fungu gani.