Kaini naye alitiwa alama
Nimesoma habari ya mjadala wa kufuta adhabu ya kifo Tanzania, ambako hakuna aliyenyongwa tangu 1994, nikasikitika kuona baadhi ya Wakristo wenzangu wakiitetea kwa kushikilia nusu tu ya Mwanzo 9:6, kwamba amwagaye damu ya mwanadamu, damu yake nayo itamwagwa na mwanadamu. Nusu ya pili yasema mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na Kaini mwenyewe, aliyemwua ndugu yake, alitiwa alama asije akauawa. Kwa Wakatoliki, mwaka 2018 Papa Fransisko alirekebisha Katekisimu, yaani kitabu cha mafundisho ya Kanisa, kifungu cha 2267, akaitaja adhabu hii kuwa haikubaliki kamwe. Nilipokwenda gerezani na kwaya yetu, mzee mmoja aliyewahi kuhukumiwa kunyongwa, kisha akapunguziwa adhabu, alituitikia kwa besi, macho kayafumba, wala hakuhitaji kitabu cha nyimbo.